Mbwa wa Miguu Mitatu Si wa Kutupwa

Wapo wanaodai kwamba kumkata mbwa mguu kwa sababu ya saratani ya mifupa ni ukatili, na kwamba heri auawe. Hoja hiyo haina mashiko. Saratani hii, ambayo huwapata zaidi mbwa wenye maumbo makubwa, huumiza mno. Mguu uondolewapo, kiini cha maumivu huondoka nao. Mbwa wengi husimama siku chache tu baada ya upasuaji.

Kazi iliyosalia ni ya mwenyewe. Sakafu itandikwe zulia lisiloteleza. Leso ipitishwe chini ya tumbo kumtegemeza. Kidonda kikingwe asikirambe mpaka nyuzi zitolewe, yaani baada ya siku 10 hadi 14. Asinenepe, wala asipewe dawa za binadamu za kutuliza maumivu bila idhini ya daktari wa mifugo.

Ni kweli kwamba upasuaji pekee humwongezea miezi michache. Ukifuatwa na dawa za saratani, takriban nusu yao hukaribia mwaka. Hata hivyo, sarufi yetu humpa mbwa upatanisho ule ule wa mtu: anaumia, anatulia. Je, utu wetu uwe haba kuliko sarufi yetu?