ADN na roboti: mashini inafanya nini, haifanye nini

Wandugu, wengi kwetu wanafikiri kupima ADN ni kuweka damu mu mashini, na jina la mwenye kosa linatoka. Kazi iko ndefu kuliko vile. Unatoa ADN ndani ya seli, unapima kiasi chake, unaizidisha kwa PCR, halafu mashini ingine inasoma urefu wa vipande. Kwa mikono, mutu anashika pipeti siku nzima akihamisha matone. Akichoka, tone linaingia ku tube isiyo yake.

Roboti inatumia sahani ya vishimo 96. Inatia chembe ndogo za sumaku zenye kunasa ADN. Sumaku inazishika pembeni, maji machafu yanatoka, ADN inabaki. Na kompyuta inaandika kila tone limepita wapi. Kwangu mimi faida njo hiyo, kupita hata mbio yake: avoka akiuliza, jibu liko.

Kesi za ubakaji njo ngumu. Ku kipimo kimoja kuko seli nyingi za mwanamuke na mbegu chache za mwanaume. Inabidi kuvunja seli zake kwanza, kutenga mbegu, kisha kuzivunja kwa dawa ingine. Hatua hiyo ilibaki ya mikono muda murefu.

Lakini angalieni Detroit, Marekani. Mwaka 2009 walikuta vipimo zaidi ya 11,000 vya watu waliobakwa vikilala mu depo ya polisi. Vingi havikuwahi kutumwa laboratware. Vilipopimwa, vikaonyesha mamia ya wanaume wanaoshukiwa kubaka zaidi ya mara moja.

Mwaka ule ule, polisi ya Ujerumani iligundua kwamba «mwanamuke muuaji» waliyemutafuta miaka mingi hakuwako. ADN ilitoka kiwandani, ku vijiti vya pamba vyenyewe. Vilikuwa vimesafishwa, ndiyo, lakini kusafisha kule kunaua vijidudu, hakuondoe ADN. Roboti ingeisoma muzuri kabisa, na jibu lingekuwa la uongo vilevile.

Basi ndugu akiniambia Bukavu inahitaji roboti, nauliza: muganga anayepokea mama saa nane ya usiku iko na vijiti visivyo na ADN? Iko na bahasha za karatasi, sababu plastiki inashika unyevu na ADN inaharibika? Kuko daftari ya nani alipokea, nani alitoa, saa ngapi? Vyote hivyo pamoja havifike bei ya roboti moja.