Mama wa Ngungu: nguvu anayo, shamba ni la nani?

Saa kumi na moja na nusu ya asubui, Ngungu ingali ndani ya ukungu, na baridi ya milima ya Masisi si ya muchezo. Bamama wanateremuka njiani, jembe begani, mutoto mudogo mugongoni amefungwa na kikwembe. Wanaenda kulima. Ukiwauliza shamba ni la nani, wengi watakutajia jina la mutu mwengine.

Tunazungumuza hapa juu ya mama anayelea batoto peke yake. Wako wa namna nyingi. Kuna mujane ambaye bwana yake alikufa vitani ao kwa ugonjwa. Kuna yule ambaye bwana alienda kutafuta franka kwenye machimbo, upande wa Rubaya, hakurudia. Kuna pia binti aliyezalia kwa wazazi wake, yule tunayemuita fiyemeri, na jina hilo mara nyingi tunalitamuka kwa zarau, kama vile mutoto alimupata peke yake.

Analima kwa mutu hadi katikati ya siku, analipwa franka kidogo ao anapewa viazi. Hizo franka zinageuka unga, chumvi, sabuni, basi. Akigonjwa siku moja, chungu hakipandi motoni. Mutoto mukubwa, na mara nyingi ni binti, anabakia nyumbani na badogo. Shule ya musingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, na hilo ni jambo zuri, tusilikatae. Lakini bure hiyo hainunue daftari, wala haichunge mutoto wa miezi nane wakati mama yuko shambani. Na mutoto akikosa maharagi na maziwa, miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Ndiyo bwaki. Kuiona bwaki hapa, katikati ya ngombe wengi hivi, inauma.

Sasa, kwa nini hana shamba? Ni mambo ya zamani. Wakati wa Wabeleji, vilima vizuri vya Masisi vilikatwa kuwa plantasio. Mwaka 1973 sheria ilisema udongo wote ni wa Serikali, na mwaka ule ule zairianizasio ikawapatia wakubwa mali za wageni. Vilima vingi viligeuka malisho. Mukulima alibakia na vipande vya pembeni, na kipande hicho, kimila, ni cha mwanaume. Bwana akikufa, kilio hakijaisha vizuri, baba mudogo wa batoto anakuja kupima kwa hatua. Mujane anaambiwa aolewe na shemeji yake ndipo abakie. Akikataa, arudie kwao. Na kule kwao, kaka zake wamekwisha kugawana.

Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema namna ingine. Batoto ndio warithi wa kwanza, mbele ya ndugu za marehemu. Mujane ana haki ya kubakia ndani ya nyumba aliyoishi na bwana yake na kutumia vyombo vyake. Lakini ili mama aitumie hiyo sheria, anaombwa karatasi. Ndoa iliandikwa? Batoto waliandikwa? Mutoto anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, inaomba hukumu ya tribinali, na tribinali haiko mulango wa pili. Ukizalia mutoto njiani, ukikimbia masasi, utamuandikisha wapi?

Maana vita nayo haikumusahau. Mwanzo wa 2025, wakati mapigano yalipopanda tena Masisi hadi Goma ikachukuliwa mwishoni mwa Januari, watu wengi wa milima hii walikuwa tayari chini ya mahema kandokando ya muji, Bulengo, Lushagala na kwengine. Mwezi wa pili, M23 iliwapatia siku tatu wabomoe na kurudia kwao. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa. Mama ambaye franka yake yote iko ndani ya kitambaa, benki hiyo haikumuhusu. Yeye alipakia sufuria, akahesabu batoto, akapanda kilima. Kilichomusaidia zaidi ni likelemba, ile ya bamama kumi ao kumi na tano, kila juma mumoja anapokea. Wengi wamenunua mbuzi ya kwanza kwa njia hiyo.

Kila tarehe 8 Machi tunavaa vikwembe vipya, tunamusifu mama kwamba ni shujaa, hachoke. Mimi hilo neno linaanza kunichosha. Anachoka sana. Anachoomba ni pahali pa kupanda, na karatasi.

Viazi vinaomba miezi mitatu, mine udongoni. Mwenye shamba akiona vimeota vizuri, anaweza kubadili mawazo, ao kuingiza ngombe. Kwa hiyo mama wa Ngungu, mbele ya kushusha jembe, anauliza kwanza:

– Baba, utaniachia hadi nivune?