Bwawa halijatiwa dawa, mbona samaki ana bakteria sugu?

Swali hili limetufikia kutoka Chukwani, na muda wa kipindi haukututosha kulijibu vizuri. Mfugaji wa kuku wa nyama anataka kuchimba bwawa la perege na kulirutubisha kwa mbolea ya kuku wake. Bwawani hatatia dawa hata tone. Je, samaki wake wanaweza kubeba bakteria wasiosikia dawa?

Wanaweza. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maji, tope na samaki kutoka mabwawa ya Tanzania na Pakistan. Mabwawa hayo hayakuwa na kumbukumbu yoyote ya kutiwa dawa za kuua bakteria. Hata hivyo walikuta bakteria wenye uwezo wa kuzishinda dawa ambazo wengi wetu tumewahi kuandikiwa hospitali, kama tetrasaiklini, amoksilini na eritromaisini. Baadhi yao walikuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda chanzo ni mbolea ya kuku na mifugo, pamoja na mabaki ya dawa walizopewa wanyama hao.

Inakuwaje? Kuku akinyweshwa tetrasaiklini ya unga kwenye maji, mwili wake hauitumii yote. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi ikiwa bado ina nguvu. Kinyesi hicho hicho kimebeba bakteria wa tumboni walionusurika na dawa. Vyote viwili vinaishia bwawani. Dawa iliyomo ni kidogo, haiwamalizi bakteria. Wanyonge wanakufa, wale sugu wanabaki na kuzaana kwa nafasi. Halafu bakteria wana tabia ya kupeana urithi: mmoja humpa mwenzake, hata wa aina nyingine kabisa, kipande cha jeni chenye siri ya kuishinda dawa. Ndiyo maana bakteria wa bwawani ambaye hajawahi kukutana na dawa anaweza kuwa sugu.

Samaki aliyeiva sawasawa asikutie hofu, moto unawaua bakteria sugu kama wengine. Tatizo liko kabla ya chungu. Liko kwa anayepara samaki akachomwa na mwiba, na kwenye kisu kilichotoka kwa samaki kikaenda moja kwa moja kwenye kachumbari. Mtu akiugua kwa bakteria hao, dawa ya kawaida inaweza isimsaidie. Duniani kote, mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya maambukizi ya bakteria yaliyoshinda dawa.

Sisi wa Unguja tuna jambo letu pia. Maji yetu ya kunywa yanatoka chini ya ardhi, na ardhi ya uwanda ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Maji machafu hayachukui muda kuzama. Basi maji ya bwawa yasimwagwe karibu na kisima.

Kuna kosa moja linalotuudhi kidogo, kwa sababu linapoteza pesa na samaki pia. Alfajiri mfugaji anawakuta samaki wako juu ya maji, midomo wazi, anakimbilia duka la dawa. Mara nyingi hao hawaumwi, wamekosa hewa. Mbolea ikizidi, maji huwa ya kijani kibichi sana, na usiku vijani hivyo na uchafu unaooza hutumia hewa iliyomo majini. Ukiwamwagia vidonge vya rangi mbili, hewa haiongezeki. Acha kutia mbolea, punguza maji, ongeza maji safi.

Kuhusu mbolea yenyewe, ya kuku waliotumia dawa isiingie bwawani. Nyingine ilundikwe kwanza, ifunikwe, iwe na unyevu na igeuzwe kwa wiki kadhaa mpaka ipate joto na kuoza. Joto hilo hupunguza bakteria na baadhi ya mabaki ya dawa, ingawa haliyamalizi. Banda la kuku lililojengwa juu ya bwawa halikupi nafasi hiyo, maana kinyesi kinadondoka kibichi, kuku wakiwa kwenye dawa au la. Kwa maoni yetu, libomoe.

Na kama mbolea unanunua kwa jirani, muulize kuku wake walipewa dawa gani, na lini. Akisema hakumbuki, mwombe kundi lijalo aandike tarehe kwa chaki mlangoni mwa banda.