Moyo Mwingine kwa Mtoto wa Mlalo

Kutoka shuleni hadi nyumbani kwao, mtoto huyu wa miaka tisa alikuwa na kilima kimoja cha kupanda. Kwa mkazi wa Mlalo kilima kimoja si jambo la kutajwa. Watoto wa Usambara hukipanda wakikimbizana, madumu ya maji mikononi. Yeye alianza kupumzika njiani mara moja, kisha mara mbili, kisha mara nne. Bibi yake, ambaye ndiye anayemlea, alidhani ni uvivu. Baadaye akadhani ni pumu, kwa sababu usiku mtoto alikohoa na hakuweza kulala chali. Alitaka aegemezwe ukutani, amekaa nusu. Alitibiwa nimonia mara mbili na kupewa dawa ya minyoo mara moja. Miguu ilipoanza kuvimba, tabibu mmoja kijana aliweka mkono chini ya mbavu za upande wa kulia, akaligusa ini lililotanuka, akaacha kuandika dawa na kuanza kuandika barua ya rufaa.

Barua hiyo iliwateremsha hadi Lushoto, kisha Soni, kisha Mombo kwenye barabara kuu, na hatimaye Dar es Salaam. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi wetu tunakiita eko, kilionyesha kwamba hapakuwa na tundu na valvu zilikuwa nzima. Kilichochoka ni msuli wenyewe. Moyo ulikuwa umetanuka na kulegea, ukijikunja kidogo tu kwa kila pigo. Mtoto alianzishiwa dawa, uvimbe ukapungua, akarudi nyumbani.

Nilipokutana na bibi huyo kliniki, alinisalimu, akaeleza habari za mjukuu, kisha akauliza alilokuwa amekuja kuuliza. "Daktari, nimesikia redioni kwamba watu wanabadilishiwa figo hapa hapa nchini. Huyu mwanangu hawezi kubadilishiwa moyo? Mjomba wake yuko tayari kuuza shamba."

Shamba lenyewe ni la viazi na kabichi, na ndilo linalolisha nyumba nzima. Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi. Hili ni refu zaidi, kwa ajili yake na kwa ajili ya wahudumu wenzangu ambao wataulizwa swali hilo hilo.

Redio haikumdanganya. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Lakini figo ni mbili. Ndugu aliye hai anaweza kutoa moja, akapona kidonda, akarudi shambani kwake. Huo ndio msingi wa upandikizaji wa figo hapa kwetu: ndugu kwa ndugu, wote wawili wakiwa hai. Moyo ni mmoja. Ili mtoto apate moyo mwingine, lazima mtu mwingine, mara nyingi mtoto, awe amefariki, na kwa kawaida afariki kwa namna ya pekee: ubongo umekufa kabisa, kwa mfano baada ya ajali, huku moyo ukiendelea kupiga kwa sababu mashine inampumulia. Madaktari wasiohusika na upandikizaji wathibitishe kifo hicho. Wazazi, katika saa ile ile wanayoambiwa kwamba mtoto wao hayupo tena, waulizwe kama wanakubali moyo wake utolewe. Kundi la damu na ukubwa wa mwili vilingane. Kisha moyo uliohifadhiwa kwenye baridi usafirishwe na kuanza kupiga katika kifua kipya, kwa kawaida ndani ya saa nne hivi.

Kwa hiyo kinachohitajika kabla ya mpasuaji kushika kisu ni sheria inayotambua kifo cha ubongo, vyumba vya wagonjwa mahututi vya watoto, maabara, usafiri wa uhakika usiku na mchana, na zaidi ya yote jamii iliyokwisha kuzungumza juu ya jambo hilo kabla ya msiba kuingia. Mikono ya upasuaji ni sehemu ndogo ya kazi. Tanzania haifanyi upandikizaji wa moyo. Afrika Kusini hufanya, hata kwa watoto, katika Hospitali ya Watoto ya Red Cross mjini Cape Town.

Ni katika mji huo huo kazi hii ilipoanzia. Tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mtu mzima aliyeishi siku 18. Siku tatu baadaye, huko Brooklyn, Marekani, Adrian Kantrowitz alijaribu kwa mtoto mchanga ambaye hakuwa amefikisha wiki tatu. Mtoto aliishi saa chache tu. Walichokosa waanzilishi hao ni namna ya kuuzuia mwili usiukatae moyo wa mgeni. Namna hiyo ilipatikana katika miaka ya 1980 kwa dawa ya saiklosporini, na mwaka 1985 Leonard Bailey wa Loma Linda, California, akafanikiwa kumpandikizia mtoto mchanga moyo wa mtoto mwenzake. Siku hizi duniani kote watoto mia kadhaa hupandikizwa kila mwaka. Idadi hiyo ni ndogo, na sababu kubwa ni kwamba mioyo midogo ya kupandikiza ni michache. Wapo watoto wanaofariki wakiwa kwenye orodha ya kusubiri hata katika nchi tajiri kabisa.

Je, India, ambako wagonjwa wetu wengi wa moyo walipelekwa kwa miaka mingi? Mjomba alikuwa na India akilini. India hupandikiza mioyo, lakini kwa utaratibu wao mgeni hufikiriwa pale tu ambapo hakuna mwenyeji anayefaa kupokea moyo huo. Ukiuza shamba unapata nauli na fedha za kukaa. Moyo haumo katika bei hiyo. Nililisema hili kwa bibi waziwazi, kwa sababu nimeona familia zikiuza kwanza na kuuliza baadaye.

Na tuseme umepatikana. Ninalotamani lieleweke vyema ni kwamba moyo wa kupandikizwa haumalizi ugonjwa. Unaondoa ugonjwa unaoua upesi na kuweka mwingine unaoweza kutunzwa kwa miaka. Mtoto hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili, kama takrolimasi, asubuhi na jioni, kwa saa zile zile, maisha yake yote. Kiwango cha dawa hupimwa katika damu mara kwa mara: kikiwa chini mwili unaushambulia moyo, kikiwa juu figo zinaumia. Hata tunda la balungi linakatazwa, kwa kuwa hupandisha kiwango hicho. Chanjo zenye vimelea hai huepukwa. Kifua kikuu, ambacho kwa mtoto mwenye kinga kamili huweza kulala usingizi, hupata nafasi ya kuamka. Moyo mpya umekatwa neva zake, hivyo mishipa inapoziba miaka kadhaa baadaye mtoto huenda asihisi maumivu yoyote ya kifua. Ndiyo maana huchunguzwa mara kwa mara, na madaktari huchukua vipande vidogo vya msuli wa moyo kupitia mshipa wa damu ili kuvipima. Pamoja na hayo yote, matokeo ni mazuri kuliko wengi wanavyodhani: zaidi ya nusu ya waliopandikizwa wakiwa wachanga huishi miaka 20 au zaidi. Kwa waliopandikizwa wakiwa katika balehe muda ni mfupi zaidi, na sababu mojawapo kila mzazi anaifahamu: kijana huchoka kuambiwa ameze dawa.

Kuna kisa kimoja cha Uingereza ninachokipenda, maana kinabeba pande zote mbili. Mwaka 1995 Magdi Yacoub, mpasuaji mzaliwa wa Misri, alimpandikizia mtoto wa kike wa miaka miwili moyo wa pili bila kuuondoa wa kwanza, uliokuwa umetanuka kama wa huyu mtoto wetu. Dawa za kushusha kinga zilimletea saratani. Lakini chini ya msaada wa moyo wa jirani, moyo wake wa asili ulipata nguvu tena, hata mwaka 2006 ule wa kupandikizwa ukaondolewa. Msuli wa moyo wa mtoto unaweza kupona. Si kwa wote, wala hatuwezi kumhakikishia mzazi yeyote. Lakini sehemu ya watoto wenye moyo uliotanuka, hasa pale chanzo kilipokuwa maambukizi ya virusi, hurejewa na nguvu wakipewa muda.

Muda huo ndio tunaoweza kuutoa Mlalo. Unatolewa kwa dawa za kawaida: furosemaidi ya kupunguza maji, kaptoprili au enalaprili ya kuupunguzia moyo mzigo, spironolaktoni, na kwa baadhi ya watoto kavedilolo inayoanzwa kidogo kidogo. Hazina sifa za magazetini. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kuziacha mtoto anapopata nafuu, kwa kuwa ndugu wanaona amepona. Nafuu hiyo ni dawa yenyewe ikifanya kazi.

Watoto wengi wanaoshindwa na moyo katika nchi hii hawana hata haja ya kufika kwenye swali la bibi. Wengine walizaliwa na tundu au mshipa usiofunga, mambo yanayozibwa. Wengine waliumwa koo wakiwa kati ya miaka 5 na 15, wakapata homa ya baridi yabisi, na valvu zao zikaharibika pole pole. Hao wakigunduliwa mapema hulindwa kwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne. Upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ndiyo yenye jukumu hilo, watoto wakiwa sehemu kubwa ya kazi yake. Kuziba tundu kwa wakati ni kumwondolea mtoto njia ya kwenda kwenye upandikizaji. Nataka upandikizaji wa moyo ufike Afrika Mashariki, na nadhani utafika, lakini ningesikitika kuona unatangulia sindano ya penisilini katika zahanati za milimani.

Kwa mwenzangu uliye zahanati: mtoto mchanga anayetokwa na jasho akinyonya, anayeacha titi ili apumue, anayehema haraka bila homa na asiyeongezeka uzito, mfikirie moyo. Mkubwa anayebaki nyuma kilimani, anayekohoa akilala chali, anayetibiwa nimonia ile ile kwa mara ya tatu, mfikirie moyo. Gusa ini. Kipimo hicho hakihitaji umeme.

Wapo pia watoto ambao dawa zitawashinda, na moyo mwingine hautapatikana. Kwao kazi yetu ni kupunguza kuhema, maumivu na hofu, na kuwa wakweli kwa wazazi bila kuwakimbia. Nilimwambia bibi hata hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza vidonge vya asubuhi vinatolewa kabla ya uji au baada.

Shamba halikuuzwa. Mtoto sasa hupumzika kilimani mara moja, wakati mwingine hapumziki, na bibi huandika uzito wake ukutani kwa mkaa kila anapotoka kliniki. Eko inayofuata ni baada ya mavuno ya viazi.