Mkumbo wa Watu Wenye Akili Timamu

Mwishoni mwa Machi 2008, Kenya ikiwa bado inauguza majeraha ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, Serikali iliingiza sokoni hisa bilioni 10 za Safaricom, sawa na robo ya kampuni hiyo ya simu. Bei ilikuwa shilingi 5 kwa hisa moja, na mwombaji alitakiwa kuchukua hisa zisizopungua 2,000. Foleni zikaanza kujipanga kwenye benki na ofisi za mawakala. Waliomba watu zaidi ya 860,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki hisa hata moja. Wengine walikopa, na benki zenyewe zilitangaza mikopo ya kununulia hisa hizo.

Walikuwa na sababu. Miaka miwili kabla, hisa za kampuni ya umeme ya KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90, na zilipoanza kununuliwa na kuuzwa sokoni bei ikaruka zaidi ya maradufu. Karibu kila mtu alimjua jirani au shemeji aliyevuna siku zile, na hakuna aliyetaka kukosa mara ya pili.

Maombi ya Safaricom yalizidi hisa zilizokuwapo kwa zaidi ya mara nne, hivyo mwekezaji mdogo aliambulia takriban moja ya tano ya alichoomba. Hisa zilipoanza kuuzwa Juni 9, bei ilipanda hadi kuvuka shilingi 7, kisha ikateremka. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa akitegemea kuuza baada ya wiki mbili alibaki na deni. Kampuni yenyewe haikuwa na kasoro, kwani mwaka 2021 hisa ileile ilivuka shilingi 40. Ila waliopanga foleni ile kwa ajili ya faida ya haraka hawakuwa wamepima mapato wala madeni ya kampuni. Walikuwa wamepima urefu wa foleni.

Ni rahisi kuwacheka na kuwaita bendera kufuata upepo. Kuwacheka ni kuwaonea, na pia ni kulielewa vibaya jambo lenyewe. Mwaka 1992 wachumi Sushil Bikhchandani, David Hirshleifer na Ivo Welch walionyesha kwamba mkumbo unaweza kuundwa na watu wenye akili timamu kabisa. Chukua migahawa miwili mipya inayotazamana kwenye stendi ya mabasi. Abiria wa kwanza anaingia mmoja kwa fununu aliyoisikia. Wa pili amesikia fununu kwamba ule mwingine ndio wenye chakula kizuri, lakini akimwona mtu tayari ameketi, anaitilia shaka fununu yake na kumfuata. Wa tatu anawakuta wawili. Kufikia wa ishirini, mgahawa mmoja umefurika na wa pili hauna mtu, naye anaamua kama ambavyo yeyote angeamua. Hakuna aliyefanya upumbavu. Lakini watu wote ishirini wanategemea ujuzi wa mmoja au wawili, kwa sababu kila aliyefuata aliyameza aliyoyajua mwenyewe.

Nchini Albania hesabu hiyo ilivunja dola. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukomunisti miaka michache tu kabla, benki zilikuwa dhaifu, na kampuni zilizolipa wateja wa zamani kwa pesa za wateja wapya zikashamiri. Watanzania waliojiunga na mpango wa DECI kabla Serikali haijaisimamisha mwaka 2009 wanaujua mtindo huo, maana kule waliambiwa "wanapanda" ili "wavune". Vuli ya 1996 kampuni za Albania zilianza kushindana kwa ahadi: Xhaferri ikaahidi kuzidisha pesa mara tatu kwa miezi mitatu, Sude ikajibu kwa kuahidi maradufu ndani ya miezi miwili. Watu waliuza nyumba. Wakulima waliswaga mifugo yao hadi sokoni ili wapate pesa za kuweka. Theluthi mbili hivi za wananchi waliingia, na madai yao yakafikia karibu nusu ya pato la taifa. Wataalamu walipoonya, Rais Sali Berisha aliyatetea makampuni.

Novemba Sude ikashindwa kulipa. Kufikia Machi 1997 Serikali haikuwa tena na mamlaka kusini mwa nchi, maghala ya silaha yaliporwa, na watu wapatao 2,000 walipoteza maisha.

Wapo waliokuwa na mashaka tangu mapema. Kwa nini hawakusikika? Sehemu ya jibu imo katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch, aliyeyaanza Marekani miaka ya 1950. Alimkalisha kijana mmoja katikati ya kundi lililopangwa, kisha akawauliza wote ni mstari upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Kundi lilipojibu visivyo kwa sauti moja, takriban robo tatu ya vijana walilifuata walau mara moja. Akitokea mtu mmoja tu katika kundi akasema kweli, idadi ya waliofuata kosa ilianguka vibaya.

Siasa hutegemea sana hofu hiyo ya kubaki peke yako. Desemba 21, 1989, Nicolae Ceaușescu wa Romania aliitisha mkutano mjini Bucharest, wafanyakazi wakaletwa kutoka viwandani wamshangilie. Katikati ya hotuba zikasikika kelele, kisha kuzomea, televisheni ikirusha moja kwa moja. Dakika hiyo mamilioni waligundua kwamba chuki waliyoificha kila mmoja moyoni ilikuwa ya wote. Kesho yake alitoroka kwa helikopta, na Desemba 25 alipigwa risasi. Umati uliomtukuza kwa miaka haukuwa umebadili mawazo usiku mmoja. Ulikuwa umejiona kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana vyama vinagharimia malori na fulana. Katika uchaguzi wa Tanzania wa 2015, mikutano ya mgombea wa upinzani, Edward Lowassa, ilijaa hadi ikaitwa "mafuriko", na chama tawala, CCM, kikajibu kwa mafuriko yake. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza John Magufuli wa CCM mshindi kwa asilimia 58, Lowassa akiwa na karibu 40, matokeo ambayo upinzani uliyakataa. Lolote mtu aaminilo kuhusu hesabu hiyo, picha za viwanjani hazikuweza kuithibitisha wala kuikanusha. Picha ya angani hupigwa saa uwanja umefurika na kuenea kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mkutano haujaisha, na anayeipokea hana njia ya kujua wangapi wameletwa, wangapi wamemfuata msanii, na wangapi wana kadi ya mpigakura.