Jenereta kwenye gari: hewa iingie wapi, itokee wapi?

Magari ya matangazo yanayopita mitaani na spika juu, kliniki zinazotembea vijijini, magari ya kurushia mpira kwenye televisheni: mengi hubeba jenereta. Shida ni kwamba jenereta nyingi ndogo zimetengenezwa zikae chini, nje, penye upepo wa kila upande. Fundi akiifungia ndani ya boksi la bati nyuma ya gari, injini huanza kuchakaa mapema na waliomo ndani ya gari huanza kuumwa kichwa. Yote mawili yanatokana na hewa.

Tuanze na joto. Injini ndogo ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Jenereta ya kilowati 5 ikifanya kazi kwa uwezo wake wote huchoma mafuta yenye nishati ya kilowati 20 hivi, na zile 15 zinazobaki ni joto. Sehemu yake hutoka na moshi kupitia ekzosi. Sehemu nyingine, tuseme kilowati 9, hubaki kwenye silinda, kwenye alteneta na kwenye bati la jirani. Ni sawa na kuwasha majiko tisa ya umeme ya wati 1,000 ndani ya kabati.

Joto hilo halina wa kuliondoa ila hewa, na hewa hubeba joto kidogo. Ili iondoe kilowati 9 huku yenyewe ikipanda nyuzi 15 tu, zinahitajika kama lita 500 za hewa kila sekunde. Hewa ambayo injini hiyohiyo huvuta ili kuchoma mafuta ni lita 5 au 6 kwa sekunde. Tofauti hiyo, karibu mara 90, ndiyo inayowaponza wengi: tundu dogo linatosha injini iwake na ingurume vizuri, kwa hiyo mwenye gari anaridhika, kumbe nyaya za alteneta zinaungua polepole. Mafundi wa umeme wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza nusu ya maisha ya kihami kinachofunika nyaya hizo.

Kwa hiyo matundu yawe mawili, makubwa, na yawe mbali. La kuingizia likae upande wenye hewa baridi, mbali na rejeta ya gari na mbali na lami iliyopigwa jua. La kutolea likae upande ambao feni ya jenereta inapulizia. Yakikaribiana, hewa iliyokwisha kupata moto huvutwa tena, na kila mzunguko boksi linazidi kuchemka. Wavu na vibati vya kuzuia mvua navyo huziba sehemu kubwa ya nafasi, hivyo tundu likatwe kubwa kuliko hesabu inavyodai. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya Mombasa. Inabeba joto pungufu kwa kiwango hichohicho, na injini yenye kabureta isiyorekebishwa huchoma mafuta vibaya na kutoa gesi yenye sumu zaidi.

Gesi hiyo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, akili inavurugika. Wengi hudhani ni uchovu au malaria. Aliyelala huweza asiamke. Na wahudumu wa kliniki inayotembea wajue hili: kipimo cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii, hivyo huonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anakosa hewa.

Hapa baadhi ya mafundi hukosea, wakiamini kwamba feni kubwa au dirisha lililoachwa wazi linatosha. Halitoshi. Hewa ya kupoza na moshi wa ekzosi ni vitu viwili, na kila kimoja kiwe na njia yake. Boksi litenganishwe na chumba cha watu kwa ukuta usiopitisha hewa, hata pale nyaya zinapopenya. Bomba la ekzosi lisivuje, na mdomo wake utokeze nje ya bodi, usiishie chini ya sakafu. Gari likitembea, nyuma yake hewa huwa na mgandamizo mdogo, nao huurudisha moshi ndani kupitia mlango wa nyuma uliofunguliwa.

Kama wewe ndiye mwenye gari, funga ndani king'ora cha kaboni monoksaidi kabla ya safari ijayo, na usiruhusu mtu kulala humo jenereta ikiwaka. Watu wawili wakilalamika kuumwa kichwa kwa pamoja, watoe wote nje kwanza, zima jenereta, kisha wapeleke hospitali. Kwa hewa ya kawaida tu, damu huchukua saa nne hadi tano kuondoa nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au chini yake.