NANI HUIAMSHA HUDUMA KOMPYUTA INAPOWAKA?

Hebu fikirini kompyuta inayotunza orodha ya vitabu vya maktaba. Stima inapotea, inarudi, mashine inawaka vizuri. Lakini orodha haifunguki. Wengi watasema, "Imeharibika!" La hasha! Huenda huduma yake haikuamshwa. Tutazame jambo hili katika FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix ulioanzishwa mwaka 1993.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. FreeBSD nayo haichanganyi wenyeji na wageni. Kila huduma ina skripti, yaani faili ya maagizo ya kuiwasha na kuizima. Skripti za wenyeji hukaa ndani ya /etc/rc.d. Za huduma za kuongezwa, kama PostgreSQL inayohifadhi data, hukaa ndani ya /usr/local/etc/rc.d. Mtindo huu wa skripti ulitoka NetBSD 1.5 ya mwaka 2000, ukaingia FreeBSD 5.0 mwaka 2003.

Lakini kukaribishwa si kuruhusiwa kufanya kazi. Ni sharti mtunzaji aandike katika faili /etc/rc.conf:

postgresql_enable="YES"

Bila mstari huo, huduma italala fofofo. Ipo amri ya onestart inayoiamsha bila ruhusa hiyo, ila ni kwa mara hiyo tu. Stima ikipotea, mnarudi palepale.

Je, ni nani atangulie? Mpishi hapakui uji kabla ya kuwasha jiko! Ukiandika skripti ya programu ya maktaba, juu yake weka:

# PROVIDE: maktaba
# REQUIRE: postgresql
# KEYWORD: shutdown

Mstari wa kwanza hutaja jina la huduma, wa pili anayepaswa kuitangulia, na wa tatu huagiza ifungwe kwa utaratibu mashine inapozimwa kwa amri. Programu iitwayo rcorder husoma mistari ya PROVIDE na REQUIRE katika skripti zote, kisha hupanga foleni.

Sasa sikieni hapa, maana ndipo wengi hukwama: REQUIRE hupanga foleni tu, haimwamshi aliyelala. Ukiiruhusu maktaba na kuisahau PostgreSQL, maktaba itaamka peke yake na kukosa data. Kila moja iandikiwe YES yake.

Mkimaliza, msiende zenu. Izimeni mashine kwa amri, iwasheni tena, halafu ulizeni:

service postgresql status

Ikijibu kwamba inafanya kazi, basi hata stima ikipotea usiku, asubuhi wasomaji watapata vitabu vyao. Kinga ni bora kuliko tiba.